Yoga au Tai Chi: Ni Ipi Itakufaa?

Yoga ilianzia India na tai chi Uchina. Ni ipi bora? Jibu hutegemea hali ya mwili wako.

Tai chi hufanywa ukiwa umesimama, ukihamisha uzito polepole kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Hivyo huimarisha miguu na kumkinga mzee asianguke ovyo. Utafiti wa wagonjwa 195 wa Parkinson uliochapishwa Marekani mwaka 2012 ulionyesha kwamba waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24, walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu.

Yoga hulegeza viungo na misuli iliyokaza, na humfaa anayeshinda ameketi ofisini. Lakini si kila mkao ni salama. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, asisimamie kichwa wala kukiinamisha chini, kwani presha hiyo hupanda. Mwenye mifupa dhaifu naye asijikunje mgongo kupita kiasi.

Mgongo ukikusumbua kwa muda mrefu, zote mbili zaweza kukusaidia. Anza polepole chini ya mwalimu, na ukisikia maumivu makali, acha mara moja. Ikiwa una ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, mwone daktari kwanza, wala usiache dawa zako.