Kutoka Uhindini hadi Kariakoo kwa Mlango wa Anatoglo

Ukimwambia dereva wa bodaboda pale Posta akupeleke kwenye jumba la kihistoria la wananchi, huenda akakushusha Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na hutaweza kumlaumu. Mwambie tu "Anatoglo, Mnazi Mmoja." Usihangaike na tahajia. Kwenye mabango na barua za mialiko utakutana na Arnautoglu, Arnatoglo na Anatoglou, na zote ni ukumbi uleule, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mchango wa George Arnautoglu, Mgiriki aliyetajirika kwa biashara na mkonge.

Nikwambie mapema: hapa hapauzwi tiketi wala hapana kijana wa kukutembeza. Ni ukumbi ulio kazini. Leo wamekaa madiwani, kesho kuna semina, keshokutwa umefungwa na mlinzi anasikiliza redio. Anayekuja akitegemea picha ukutani na maelezo chini yake ataondoka baada ya dakika tano. Anayekuja akijua kilichopita humu, na kwa nini ukumbi uliwekwa mahali hapa na si pengine, asubuhi nzima haitamtosha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya safari hii ni ya kufanyia kazi kabla hujavaa viatu.

Anza na uwanja, ndipo uje kwenye jengo. Mnazi Mmoja ni ukanda mrefu wa wazi, upande mmoja Barabara ya Bibi Titi Mohamed, upande wa pili Mtaa wa Lumumba. Wengi hupita wakidhani ni bustani tu iliyobakizwa ili watu wapate hewa. Sivyo. Chini ya ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi: Wazungu pwani, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Waingereza wakautenga ukanda huu baina ya Uhindini na Kariakoo, kwa jina la afya ya mji. Ulikuwa mpaka, ingawa haukuwa na ukuta. Leo watu husalia Idi hapo, hukumbuka mashujaa, hulala chini ya miti mchana wa jua kali, na mnara wa Uhuru wenye mwenge juu yake unawatazama.

Sasa weka ukumbi wa Anatoglo juu ya mpaka huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hofu na mji. Makuli wa bandarini waligoma mwaka 1947, na mwaka 1950 kukawa na ghasia nyingine bandarini. Vijana walikuwa wakimiminika kutoka mikoani, na wakubwa waliona dawa yake ni ustawi wa jamii: wapeni watu mahali pa kusoma jioni, pa kufundisha kina mama kushona, pa kucheza dansi, ili wasiwe na muda wa kunong'ona. Miaka hiyohiyo vita vya Korea vilipandisha bei ya mkonge, na Tanganyika ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Fedha ilikuwapo, na hofu ilikuwapo. Ukumbi ukasimama.

Watu wakaingia, wakasoma, wakacheza dansi. Kisha Aprili 1953 wanachama wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, wakakutana humu kuchagua viongozi. Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyerudi kutoka Edinburgh mwaka uliotangulia, akachaguliwa rais wa chama mbele ya Abdulwahid Sykes, mtoto wa mjini aliyekuwa akikishikilia chama hicho. Mwanahistoria Mohamed Said ameandika mengi juu ya siku ile na juu ya wazee wa Dar es Salaam waliokuwa nyuma yake. Msome kabla ya kuja, hata kama hutakubaliana naye katika kila jambo. Mimi naona huo ndio mkutano wa kuufikiria ukiwa umesimama mlangoni. Jengo lililotolewa ili siasa isahaulike ndilo lililompa mwanasiasa kiti chake cha kwanza kikubwa.

Si kisa cha huku peke yake. Wacheki walipokuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria walijijengea nyumba za jumuiya katika miji mingi, mpaka ile midogo ya watu wanaokwenda kuoga maji ya tiba, zikiwa na ukumbi wa dansi, jukwaa la tamthilia na mgahawa. Mojawapo, Obecní dům ya Praha, ilifunguliwa mwaka 1912 kwa ajili ya matamasha na karamu, na tarehe 28 Oktoba 1918 uhuru wa Chekoslovakia ukatangazwa humo. Tofauti ni kwamba kule mgeni hulipa kiingilio na kupewa mtu wa kumwelekeza. Hapa Mnazi Mmoja inabidi ujielekeze mwenyewe, na usitafute marumaru. Hili ni jengo la wastani la miaka ya mwisho ya ukoloni.

Njia ninayoipendekeza ni ya miguu, kuanzia Magogoni. Fika alfajiri penye soko la samaki la Feri, wakati mnada umechangamka na pantoni ya Kigamboni inateremsha watu wa kazini. Kamera iweke mfukoni, kwa maana Ikulu iko jirani na haipigwi picha; ukiulizwa, usibishane. Fuata ufukwe wa Kivukoni, pita kanisa la Azania Front, ushike Sokoine Drive mpaka Old Boma, jengo lililobaki tangu zama za Sultani Majid katika miaka ya 1860. Hapo kunja kulia uingie Morogoro Road, halafu jipoteze kidogo katika mitaa ya Jamhuri, India na Kisutu. Inua macho. Nyumba za zamani za Wahindi zina veranda za juu, na baadhi zimeandikwa mwaka wa kujengwa kifuani. Zinapungua, kila ukirudi unakuta ghorofa refu limesimama palipokuwa na moja. Ukitokea Bibi Titi umefika mwisho wa Uhindini, na Mnazi Mmoja iko mbele yako. Safari yote, bila kusimamasimama, ni nusu saa na kidogo. Asiyeweza kutembea apande basi la mwendokasi ashuke Kisutu au DIT. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, sikiliza habari kwanza: maji yakijaa Jangwani, Morogoro Road hufungwa na mabasi ya kutoka Kimara na Magomeni husimama.

Kuingia ukumbini ni suala la adabu kuliko la ruhusa iliyoandikwa. Nenda siku ya kazi, asubuhi, baada ya saa tatu. Usimpite mlinzi kama humwoni. Yeye ndiye mwenye nyumba kwa wakati huo. "Shikamoo mzee. Samahani, mimi ni mgeni, nimesoma habari za ukumbi huu, naomba niuone ndani kama hakuna kikao." Akiwa kijana, "habari za kazi, kaka" inatosha. Ukiwa umeshika kamera kubwa shingoni, utaambiwa uende ofisini ukaandike barua. Ukiwa mikono mitupu, aghalabu utafunguliwa mlango. Kukiwa na kikao, kaa nje usubiri mapumziko ya chai. Usimpe mlinzi fedha kabla hajakufanyia lolote. Akikuhadithia, na baadhi yao ni wahadithiaji hodari, mwachie ya soda.

Ukitoka, vuka uwanja uende Lumumba, mtaa ambao wazee wengine bado wanauita New Street. Hapo ndipo ilipokuwa ofisi ya TAA, na ndani yake TANU, chama kilichoirithi, ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, miezi kumi na tano tu baada ya ule uchaguzi wa Anatoglo. Nyumba ya awali haipo tena; utakuta ofisi ya CCM. Soma kilichoandikwa nje, usipige kambi hapo. Mwenye hamu ya kuona nyumba halisi ya Mwalimu Nyerere akaitafute Magomeni, ile aliyoijenga mwenyewe, ambayo sasa ni makumbusho.

Baada ya Lumumba unaingia Kariakoo, na hapo mwongozo wowote unachoka. Jina limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, waliopiga kambi eneo hilo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Mitaa imenyooka kama mistari ya daftari, hivyo hupotei kwa muda mrefu. Shika Uhuru, Msimbazi na Lumumba kama mipaka yako. Ukipita Mtaa wa Sikukuu kumbuka kwamba nyumbani kwa akina Sykes palikuwa jirani hapo, na ndiko Nyerere alikokaribishwa alipoacha ualimu mwaka 1955. Soko kuu ni kazi ya msanifu Beda Amuli, lilifunguliwa 1975, na paa lake ni la miavuli ya zege iliyokusudiwa kukinga maji ya mvua. Liliungua Julai 2021. Litazame kwa nje ukiwa Mtaa wa Swahili au Tandamti, upande ambao miavuli inaonekana vizuri. Mtaa wa Kongo uuache mpaka mwisho, kwa sababu wamachinga wamejaa mpaka katikati ya barabara na ukishaingia hutoki mpaka umati ukutoe. Simu iwe mfuko wa mbele. Mtu akikugonga bega kwa nguvu, shika mfuko kwanza, ndipo umtazame.

Ijumaa ni siku ngumu mchana: kuanzia saa sita hadi saa nane misikiti ya Mtoro, Manyema na Idrisa hujaa mpaka nje, na kupita katikati ya safu za watu wanaosali ni ukosefu wa heshima. Saa hizo kaa kwa mama lishe ule wali na samaki, au tafuta kijiwe cha kahawa na kashata. Wazee wa kijiweni wakisikia umetoka Anatoglo watakusahihisha nusu ya uliyoyasoma.

Kurudi, kituo cha mwendokasi cha Gerezani kiko mwisho wa Msimbazi. Usijaribu kupanda saa kumi na moja jioni, maduka na ofisi zinapofungwa kwa pamoja na watu wanaingilia madirishani. Kula kwanza, uondoke saa mbili usiku.