Majina ya Jedwali Yanapoingia Kwenye Programu: Mafunzo Niliyopata

Naandika programu za Python zinazosoma kanzidata zilizobuniwa na wengine. Majina ya safuwima nayakuta yameshawekwa, na sina ruhusa ya kuyagusa.

1. Fuata sheria za lugha, usiamini macho. Jina la Python huanza kwa herufi au kistari cha chini, na nafasi haziruhusiwi. "Tarehe ya Kuzaliwa" itakuwa tarehe_ya_kuzaliwa. "2023 Mauzo" lazima itanguliwe na herufi au kistari cha chini. Kuna pia maneno ambayo lugha imejiwekea. Safuwima iitwayo class hufaulu kipimo cha isidentifier, lakini programu itakataa kuendeshwa, kwa hiyo ipitishe kwenye iskeyword pia. Desturi ni kuiandika class_.

2. Ritifaa yetu inahitaji kanuni yake. Chukua "Idadi ya Ng'ombe". Ukigeuza kila alama kuwa kistari cha chini utapata idadi_ya_ng_ombe, sauti moja imepasuliwa katikati. Mimi huondoa ritifaa kabla ya hatua nyingine yoyote, ibaki idadi_ya_ngombe. Ondoa zote mbili: iliyonyooka ya kibodi, na iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe. Machoni zinakaribiana mno, lakini kwa kompyuta ni alama mbili tofauti.

3. Ogopa migongano kuliko makosa. "Kiasi (Sh)" na "Kiasi-Sh" zote huishia kiasi_sh. Ukizitia kwenye kamusi ya Python, thamani ya pili hufuta ya kwanza kimyakimya, na ripoti hutoka ikiwa na fedha zisizo sahihi. Amri ya inspectdb ya Django, inayoandika modeli za Python kutokana na majedwali yaliyopo, huongeza namba kwenye jina lililojirudia. Mimi nataka programu isimame na kuyataja majina yote mawili, mtu aamue, kwa maana kiasi_sh_0 haimwelezi msomaji chochote.

4. Usitegemee herufi kubwa na ndogo. PostgreSQL hugeuza herufi za jina lisilo na alama za kunukuu kuwa ndogo, Oracle huzigeuza kuwa kubwa, kwa hiyo jina lilelile linaweza kukufikia kwa sura mbili.

5. Jina la asili lisitupwe. Kutoka kiasi_sh hakuna njia ya kujua kama kulikuwa na mabano au kistari. Hifadhi majina yote mawili pamoja, kama Django inavyofanya kwa db_column, na kwenye SQL tumia la asili ndani ya alama za kunukuu.

Nanyi mnaobuni majedwali mapya, tafadhali: herufi ndogo, tarakimu na kistari cha chini vinatosha.