INJINI YA MOTOKAA INAPOKOSA MOTO
Somo kwa madereva na wenye motokaa wa nyanda za juu

Katika Ainabkoi, Kaunti ya Uasin Gishu, asubuhi nyingi huanza kwa ukungu na baridi kali. Saa hizo ndizo za kupeleka maziwa, na mwenye pikapu ya kuyachukua hana nafasi ya kukawia. Basi mtu huyo akiwasha injini, akasikia inatikisika na kukohoa, kisha ikapanda kilima bila nguvu, hofu humwingia. Maana maziwa hayamngoji fundi. Mara nyingi hukimbilia dukani: leo anunua koili, kesho pampu ya petroli. Fedha humwishia, na ila ikabaki pale pale. Somo hili laeleza jinsi ya kuitafuta ila hiyo kwa utaratibu, kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KAZI YA SILINDA

Ndani ya kila silinda ya injini ya petroli mambo manne hufuatana. Hewa na petroli huingia, pistoni huvigandamiza, plagi hutoa cheche, mchanganyiko ukawaka na kuisukuma pistoni chini, kisha moshi hutolewa nje. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda yapasa kuwaka mara 1,000. Silinda ikikosa zamu yake, mafundi husema injini "inamisi". Katika injini ya silinda nne, silinda moja ikifa, karibu robo ya nguvu imepotea, na petroli yake hutoka bila kuungua.

Kuwaka huko kwataka vitu vitatu: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, petroli na hewa kwa kipimo, na mgandamizo wa kutosha. Mwenye kutafuta ila na avikumbuke vitatu hivyo.

1. KUTAMBUA SILINDA

Kwanza dereva asikilize. Mtikisiko wa mpango mmoja, usiobadilika, waonyesha silinda moja tu. Mtikisiko usio na mpango huelekea kwenye petroli, au kwenye chombo kinachozihudumia silinda zote.

Katika motokaa za zamani zenye kabureta, injini huachwa ikinguruma polepole, kisha waya za plagi huondolewa moja moja kwa koleo yenye mikono ya mpira. Waya iliyoondolewa huchomekwa kwenye plagi ya akiba iliyolazwa juu ya chuma cha injini, mbali na petroli, ili umeme upate njia. Injini ikizidi kulegea, silinda ile ilikuwa ikifanya kazi. Sauti isipobadilika, hiyo ndiyo iliyokufa. Waya isishikwe kamwe kwa mkono mtupu, maana umeme wake ni wa volti maelfu mengi.

Motokaa nyingi za sasa zina koili juu ya kila plagi, na njia hiyo haizifai. Fundi husoma kumbukumbu za kompyuta ya injini kwa kifaa chake. Alama P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0300 ni silinda mbalimbali zikosazo bila mpango. Taa ya injini ikiwaka na kuzimika upesi upesi, dereva apunguze mwendo na kusimama mahali pa salama, kwa kuwa petroli isiyoungua huenda kuwaka ndani ya kisafisha moshi, ikakiharibu.

2. KUISOMA PLAGI

Injini ikiisha kupoa, plagi ya silinda ile ifunguliwe na kutazamwa. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi makavu meusi yaonyesha petroli iliyozidi au cheche dhaifu. Weusi wenye mafuta waonyesha kwamba oili inapenya ndani. Plagi iliyolowa petroli haikuwaka. Nafasi ya ncha zake ipimwe kama kitabu cha motokaa kisemavyo.

Hapa mwenyeji wa Ainabkoi ajue jambo moja la nchi yake. Stesheni ya reli ya Timboroa, iliyo jirani, ipo kwenye kimo cha futi 9,001, yaani mita 2,743 hivi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu robo. Kabureta iliyorekebishwa pwani itatoa petroli nyingi mno huku juu, na plagi zitajaa masizi. Dawa yake ni kuirekebisha kabureta, wala si kununua plagi kila mwezi. Motokaa za kompyuta hujipunguzia petroli zenyewe.

3. KUBADILISHANA

Plagi inayoshukiwa ihamishiwe silinda ya pili. Ila ikihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Ikibaki pale pale, jaribio lile lile lifanywe kwa waya au koili. Kwa njia hii mtu hununua kile tu kilichothibitika kuharibika.

Asubuhi za ukungu, maji hushika juu ya waya na kifuniko cha distributa, na umeme ukatoroka. Kitambaa kikavu chatosha pengine kumaliza taabu yote. Usiku, boneti ikifunguliwa gizani, cheche za samawati huonekana penye ufa.

4. PETROLI, HEWA NA MGANDAMIZO

Cheche ikiwa njema, zichunguzwe chujio za petroli na hewa, maji ndani ya petroli, na mipira ya hewa iliyopasuka. Hayo yote yakiwa sawa, fundi apime mgandamizo. Valvu iliyoungua au gasketi iliyokatika haiponi kwa plagi mpya.

Mwisho, motokaa ijaribiwe kilimani ikiwa na mzigo. Mgandamizo ukizidi, cheche hupata shida kuruka. Kwa hiyo injini yaweza kutulia kituoni, kisha ikamisi mlimani. Ikipanda bila kukohoa, ndipo mwenye pikapu aweza kupakia madebe yake na kwenda Eldoret kwa amani.