Kompyuta Moja, Vikundi Vitatu: Somo la Kugawa Mashine kwa Vyumba



Hapa Sironga, kikundi kimoja peke yake si rahisi kinunue kompyuta. Kwa hivyo vikundi huungana. Tuseme wakulima wa chai, kina mama wa akiba na mikopo, na vijana wa kitalu cha miche wamechanga pesa wakanunua laptopu moja. Ni jambo zuri, lakini baada ya miezi miwili mitatu shida zinaanza. Kijana anaweka programu mpya, na ile ya wakulima inakataa kufunguka. Mwingine anafungua faili isiyo yake, anaona nani ana deni na ni pesa ngapi, na kufikia jioni habari ziko sokoni. Kikundi kinaweza kuvunjika kwa jambo kama hilo. Tena sheria ya Kenya ya kulinda data, ya mwaka wa 2019, inamtaka anayeweka habari za watu azitunze zisifike kwa wasiohusika.

LENGO LA SOMO

Tujue namna ya kugawa kompyuta moja iwe vyumba vinavyojitegemea, vinavyoitwa kontena, kwa kuandika amri. Pia tujue kuta hizo zinaishia wapi.

KONTENA NI NINI?

Fikirieni boma lenye nyumba tatu. Kila nyumba ina mlango wake na jiko lake, lakini wote wanachota maji katika chemchemi moja. Kontena ni kama nyumba mojawapo. Ina faili zake, programu zake, watumiaji wake na anwani yake ya mtandao. Aliye ndani haoni ya jirani. Chemchemi ni kiini cha Linux, yaani ile programu kuu inayoendesha mashine. Kontena zote hutumia kiini kimoja, ndiyo maana ni nyepesi na hata laptopu ya kawaida inaweza kubeba kadhaa.

Wazo hili si la juzi. Mwaka wa 1979 mfumo wa Unix ulipata amri ya chroot, iliyofungia programu ndani ya folda moja isione nyingine. LXC, ambayo tutaitumia leo, ilianza mwaka wa 2008.

MNAHITAJI NINI?

Laptopu yenye Ubuntu au Debian (zote ni za bure), intaneti siku ya kwanza, na mtu mmoja mliyemchagua kuwa mtunzaji wa mashine. Neno la siri kuu ni lake.

HATUA KWA HATUA

Fungueni dirisha la kuandikia amri. Neno sudo mwanzoni mwa amri maana yake ni "fanya hili kwa mamlaka ya mwenye boma".

1. Wekeni LXC:

sudo apt install lxc

2. Jengeni chumba cha kwanza, tukiite chai:

sudo lxc-create -t download -n chai

Mtaona orodha ndefu, kisha mtaulizwa mambo matatu: mfumo gani, toleo gani, na aina ya mashine. Kwa mfano jibuni debian, bookworm, amd64. Ngojeni ipakue.

3. Kifungueni, kisha mwangalie kama kinaendesha:

sudo lxc-start -n chai
sudo lxc-ls -f

Amri ya pili inaonyesha vyumba vyote na anwani zao. Andikeni anwani ya chai kwenye daftari. Mara nyingi huanza na 10.0.3.

4. Mtunzaji aingie ndani kutayarisha:

sudo lxc-attach -n chai
apt update
apt install openssh-server nano
adduser karani
exit

Kwa amri ya adduser, karani wa kikundi mwenyewe aandike neno lake la siri, wengine wakiangalia pembeni.

5. Kuanzia hapo karani anaingia bila sudo. Akiona anwani ni 10.0.3.57, basi:

ssh karani@10.0.3.57

Ndani hakuna picha, ni maandishi tu. Kwa nano anaweza kuandika michango na madeni.

6. Ili kikundi kimoja kisimalize kumbukumbu yote ya mashine, ongezeni mistari hii miwili katika faili /var/lib/lxc/chai/config:

lxc.cgroup2.memory.max = 512M
lxc.start.auto = 1

Mstari wa pili unafanya chumba kijifungue chenyewe kompyuta ikiwaka tena. Sisi tunajua stima ya huku inavyopotea. Anwani ikibadilika, rudieni lxc-ls.

7. Kila mwisho wa mwezi fungeni chumba na mtoe nakala:

sudo lxc-stop -n chai
sudo tar --numeric-owner -czf chai.tar.gz -C /var/lib/lxc chai

Faili chai.tar.gz iwekwe kwenye flashi, nayo flashi ikae kwa mweka hazina. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la kompyuta ni vivyo hivyo. Baada ya hapo fungueni chumba tena kwa lxc-start.

Rudieni hatua ya 2 hadi ya 7 kwa vikundi vingine, kila kimoja na jina lake. Amri ya lxc-destroy hubomoa chumba na vyote vilivyomo. Msiiguse kabla ya kikao kukubaliana.

KUTA ZINAISHIA WAPI?

Kwanza, mtunzaji ana ufunguo wa vyumba vyote. Akitaka kusoma madeni ya kina mama, hakuna ukuta utakaomzuia. Kwa hivyo huyo mtu achaguliwe na vikundi vyote vitatu, na kazi yake iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Pili, chemchemi ikiharibika, boma lote linaugua. Kontena zilizojengwa hivi kwa sudo si jela ya kumfungia mtu msiyemwamini. Aliye na mamlaka yote ndani anaweza kupata njia ya kutoka. Ndiyo maana karani tumempa jina la kawaida tu. Tangu toleo la 1.0 la mwaka wa 2014, LXC inaruhusu kontena ambazo mkubwa wa ndani si mkubwa wa nje. Mkishazoea hizi, jifunzeni hizo.

Tatu, laptopu ikiibwa, vyumba vyote vimeenda. Itakayowaokoa ni ile flashi.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu, ni habari gani za wanachama hazifai kuonwa na kila mtu?
2. Nani atakuwa mtunzaji wa neno la siri kuu, na tutamkagua vipi?
3. Mtunzaji akihama au akiugua, nani mwingine anajua amri hizi?

Kazi ya wiki: jengeni chumba kimoja cha majaribio, mkibomoe, mjenge tena. Mkiweza hivyo mara mbili bila kuangalia karatasi hii, wekeni ndani hesabu za kweli.