Mashine Haijui Visawe: Istilahi za Kuunganisha Intaneti ya Nyumbani katika Linux

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoweza kumwelekeza mtu anayeunganisha intaneti ya kasi nyumbani kwa tarakilishi inayotumia mfumo wa Linux. Mjadala wa istilahi za teknolojia aghalabu huzunguka nomino: iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mjadala huo una faida zake, lakini aliyeketi mbele ya kiwambo hausubiri. Anachohitaji ni kuelezwa kinachotendeka.

Uchukuliwe mfano wa Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na huduma inayopitia waya wa simu kwa itifaki ya PPPoE, ambayo kanuni zake zilichapishwa mwaka 1999. Modemu huunganishwa na tarakilishi kwa kebo. Mtumiaji mwenye mamlaka ya msimamizi huandika pppoeconf. Programu hiyo huitafuta modemu, kisha humwuliza jina na nywila alizopewa na mtoa huduma. Baadaye amri ya pon dsl-provider huanzisha muunganisho, poff huukata, nayo plog huonyesha kumbukumbu za yaliyotukia. Amri hizi hazitafsiriki. Mtu akiandika "washa" mahali pa pon, mashine itakataa, kwani haijui visawe; hata herufi kubwa mahali pa ndogo huiharibu amri. Kazi ya Kiswahili hapa ni kufafanua.

Ugumu hasa hujitokeza panapozuka hitilafu. Huweza kutokea kwamba muunganisho umesimama, kurasa ndogo zinafunguka, ilhali kubwa zinakwama bila ujumbe wowote wa kosa. Aliyekariri orodha ya nomino hawezi kulieleza tatizo hili, sembuse kuliombea msaada. Chanzo chake ni hiki: data husafiri ikiwa imegawanywa katika pakiti, na kwa kawaida pakiti moja katika kebo ya nyumbani hubeba baiti zisizozidi 1500. PPPoE huitia kila pakiti katika bahasha yake, na bahasha hiyo hula baiti 8, hubakia 1492. Mtambo wa mbali usiopata habari hiyo hutuma pakiti zilizojaa, nazo hutupwa njiani. Ndiyo maana pppoeconf humwuliza mtumiaji kama mzigo wenyewe upunguzwe hadi baiti 1452, kwa kuwa 40 nyingine hubeba anwani na maelezo ya safari. Ajibuye "hapana" kwa kutolielewa swali huenda akailaumu modemu wiki nzima.

Wapo wanaopendelea "kifurushi" badala ya pakiti. Neno lenyewe ni zuri, ila nchini Tanzania vifurushi vya intaneti ni kiasi cha data kinachonunuliwa kutoka kampuni za simu. Msomaji wa huko akiambiwa kifurushi chake ni kikubwa mno, atadhani amelipa kupita kiasi. Pakiti, ijapokuwa ni mkopo ulio wazi, haimpotoshi. Bahasha nayo ilikuwapo kabla ya tarakilishi, na inaibeba dhana barabara.

Suala la ujumbe wa mashine ni jepesi zaidi. Kumbukumbu za plog zikionyesha PAP authentication failed, mwongozo uunukuu mstari huo ulivyo, herufi kwa herufi, kisha ueleze: jina au nywila imekataliwa, waya hauna kosa.