Mbwa wa Rottweiler: Kaya Ijipime Kabla ya Kumleta Nyumbani

Mara nyingi wazo la kufuga mbwa aina ya Rottweiler huingia nyumbani baada ya wizi. Mlango umevunjwa usiku, televisheni na mtungi wa gesi vimechukuliwa, na baba mwenye nyumba ameapa kwamba jambo hilo halitatokea tena. Wiki chache baadaye analetwa mtoto wa mbwa mwenye umri wa miezi miwili, mweusi, mwenye alama za kahawia juu ya macho. Watoto wanashangilia. Katika furaha hiyo ni nadra mtu kuuliza swali lililopaswa kutangulia: je, kaya hii itaweza kuishi na mbwa huyu atakapotimiza miaka miwili?

Swali hilo ndilo kiini cha somo hili. Anayenunuliwa ni mtoto wa mbwa, lakini anayefugwa ni mbwa mkubwa, na uamuzi wa kaya hauna budi kumlenga huyo wa pili.

Asili na maumbile

Rottweiler amepata jina lake kutoka mji wa Rottweil, kusini magharibi mwa Ujerumani. Huko wachinjaji na wafanyabiashara wa ng'ombe walimtumia kuswaga mifugo, kulinda mali na kuvuta mikokoteni ya nyama. Reli ilipochukua kazi ya kusafirisha ng'ombe, mbwa huyo alibaki karibu hana kazi, hadi alipothibitisha manufaa yake katika kazi za polisi. Mwaka 1910 alitambuliwa rasmi nchini Ujerumani kuwa mbwa wa polisi.

Historia hiyo inaeleza tabia yake. Ni mnyama aliyezalishwa kwa vizazi vingi ili afanye kazi mchana kutwa kando ya bwana wake, amsikilize, na asirudi nyuma mbele ya fahali. Hivyo huhitaji mambo mawili ambayo kaya nyingi hazikuyatarajia: kazi ya kufanya na mtu wa kumfuata.

Dume aliyekomaa hufikia kimo cha sentimita 61 hadi 68 begani na uzito wa takriban kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji. Jike hufikia sentimita 56 hadi 63 na takriban kilo 42. Mtoto wa miaka mitano kwa kawaida hafikii hata nusu ya uzito huo. Kwa sababu hiyo, hata mbwa asiye na ubaya wowote anaweza kumwangusha na kumwumiza mtoto kwa kumrukia tu kwa furaha.

Tabia hubadilika kadiri anavyokomaa

Rottweiler aliyelelewa vema ni mtulivu, mwaminifu na hupenda kukaa karibu na watu wa nyumbani. Kwa wageni hujitenga na kuwaangalia kwanza. Hata hivyo, mbwa huyu hukomaa taratibu. Mwili wake hukua haraka katika mwaka wa kwanza, lakini silika ya ulinzi mara nyingi hujitokeza wazi baadaye, katika mwaka wa pili au wa tatu. Mbwa aliyemlaki fundi bomba kwa kutikisa mkia akiwa na miezi sita anaweza kumzuia fundi huyo huyo langoni baada ya mwaka mmoja. Familia isiyolijua hilo hudhani kwamba mbwa ameharibika ghafla, kumbe ndiyo kwanza amekuwa mtu mzima katika jamii ya mbwa.

Ipo pia imani kwamba mlinzi mzuri ni yule aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, asiyezoea watu, na hata aliyelishwa pilipili ili awe mkali. Imani hiyo ni ya hatari. Mbwa aliyetengwa hajifunzi kumtofautisha mwizi na mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira. Kila anayesogea huwa ni tishio kwake. Siku mnyororo unapokatika, wa kwanza kuumia huenda akawa mtu wa nyumbani. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili.

Maswali matano ya kujipima

Kwanza, nani atakuwa bwana wa mbwa? Katika nyumba nyingi baba hununua mbwa, kisha kazi ya kumlisha na kumfungulia huachiwa msaidizi wa kazi za nyumbani. Mbwa humzoea na kumtii huyo anayemhudumia. Msaidizi anapoondoka kwenda kwao, nyumba hubaki na mnyama wa kilo 50 asiyemsikiliza mtu. Inapaswa awepo mtu mzima mmoja, mkazi wa kudumu, aliye tayari kumfundisha na kumtembeza kila siku, na watu wengine wazima wa nyumbani wafuate amri zilezile.

Pili, je, ua una uzio? Michongoma yenye mapengo au mabati yaliyolegea hayamzuii. Panahitajika uzio imara, lango linalojifunga, na banda lenye kivuli na maji, kwa kuwa koti lake jeusi na mwili wake mzito humfanya aelemewe upesi na joto.

Tatu, nani huingia na kutoka nyumbani? Nyumba ya wapangaji wengi, nyumba yenye duka barazani, au nyumba ambayo watoto wa mtaa mzima huchezea uani si mahali rahisi kwa mbwa wa lindo. Vilevile wapo majirani na wapangaji ambao kwa sababu za imani hawapendi kuguswa na mbwa wala mate yake. Ni busara kuzungumza nao mapema kuliko kusuluhishwa baadaye na mjumbe wa mtaa.

Nne, je, gharama zinabebeka? Mbwa mkubwa hashibi kwa makombo ya ugali. Huhitaji nyama, utumbo au dagaa kila siku, na mifupa ya kuku iliyopikwa isiwemo kwa kuwa huvunjika na kuchoma matumbo. Zipo pia dawa za minyoo na za kupe, pamoja na chanjo. Aina hii huelekea kupata maradhi ya nyonga, na watoto wake hushambuliwa zaidi na homa ya parvo, inayosababisha kutapika na kuharisha damu.

Tano, je, kaya inaweza kujifunga kwa miaka tisa au kumi? Huo ndio muda wa kawaida wa maisha yake. Familia inayotarajia kuhamia nyumba ya kupanga mwakani ina sababu ya kusubiri.

Kaya ikiridhika kuendelea

Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane. Mnunuzi aombe kumwona mama. Mama mwenye woga au ukali usio na sababu ni onyo la kutosha. Wiki za mwanzo hadi takriban wiki ya 14 ndizo ambazo mtoto wa mbwa huzoea dunia kwa urahisi zaidi. Katika kipindi hicho akutanishwe kwa upole na wazee, watoto, wageni na kelele za pikipiki. Kwa kuwa chanjo zake bado hazijakamilika, wageni wamfuate nyumbani au abebwe mikononi, asiachwe barabarani penye mbwa wengine.

Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kwa maelekezo ya daktari wa mifugo. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa yeyote hata kwa dakika moja, na kila mtoto afundishwe kutomsumbua mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha.

Ikitokea mtu ameumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe bila kuchelewa kituo cha afya. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na afisa mifugo ajulishwe, ili achunguzwe kwa siku kumi.

Kusema hapana si kushindwa

Kaya ikijibu maswali hayo na kuona kwamba Rottweiler haifai, imefanya uamuzi mwema. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kutunzwa hubweka vizuri, hula kidogo na huvumilia joto. Taa ya nje, komeo imara na ulinzi shirikishi wa mtaa navyo huzuia wizi, wala havihitaji kutembezwa alfajiri.

Mwananchi anayefikiria kumfuga mbwa huyu anashauriwa kuonana na afisa mifugo wa kata yake kabla ya kulipa fedha. Pengine maongezi hayo yatachukua nusu saa, na ni bora yafanyike wakati mtoto wa mbwa bado yuko kwa mama yake, kuliko baada ya watoto wa nyumbani kumpa jina.