Asili ya Neno "Boycott"



Nilipokuwa mgeni shuleni, wanafunzi wakubwa walikataa kula maharage kwa sababu ya wadudu. Jambo hilo waliliita "boycott". Nami nikaandika katika insha yangu kwamba neno hilo limeungwa kwa maneno mawili, mvulana na koti, kwa hiyo wasichana hawawezi kulitenda. Mwalimu alicheka hata akavua miwani, kisha akanituma maktaba nikatafute asili yake.

Kumbe ni jina la mtu! Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba ya Lord Erne katika wilaya ya Mayo, nchi ya Ireland. Mwaka 1880, baada ya mavuno mabaya, wapangaji waliomba wapunguziwe robo ya kodi. Tajiri alikubali sehemu ya kumi tu, na Boycott akaanza kuwapelekea hati za kuwafukuza. Basi watu wakamtenga. Vibarua waliacha kazi, maduka yakakataa kumwuzia, hata mtoto aliyempelekea barua akaacha kwenda. Mwezi wa Novemba wakaletwa watu hamsini hivi kutoka mbali ili wavune mazao yake, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Yasemekana zilitumika pauni 10,000 kuvuna mazao ya pauni 500. Viazi ghali kama hivyo sijapata kuvisikia! Tarehe 1 Desemba Boycott akaondoka Ireland.

Padre wa huko, John O'Malley, ndiye aliyelitoa neno hili. Kiingereza kilikuwa tayari na neno la kumtenga mtu, lenye asili ya Kiyunani, lakini Padre aliona ni gumu kwa wakulima wake. Akachukua jina la jirani, nalo likaeleweka mara moja.

Hapa Uganda wazee wanalikumbuka kwa mwaka 1959, wakati chama cha Uganda National Movement, pamoja na Augustine Kamya, kilipowataka watu wa Buganda wasinunue katika maduka ya wageni, hasa Wahindi. Lakini huko ilitokea pia mioto na vipigo.

Sisi husema kususia, kutoka kususa, kama mtoto anavyosusa chakula. Neno letu limetoka jikoni, wala halikumchafulia mtu jina.

Mwalimu aliniongezea alama mbili. Na maharage yakaanza kuchaguliwa kabla ya kupikwa.